Vipimo vya Cushing kwa mbwa mzee: kipi kianze, kipi kisubiri

Mbwa wa miaka tisa au kumi anaanza kumaliza bakuli la maji kila mara, anaamka usiku kutaka kutoka nje kukojoa, ananyemelea chakula kutwa, tumbo limeshuka na manyoya ya ubavuni yanapungua. Wenye mbwa wengi husema ni uzee, na hapo ndipo miezi inapopotea. Dalili hizi zikija pamoja, jambo la kwanza la kufikiria ni kotisoli, homoni ya msongo, iliyozidi mwilini, ugonjwa unaoitwa Cushing kwa jina la Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeueleza kwa binadamu mwaka 1932.

Kliniki na maabara za mifugo zina vipimo vingi vya ugonjwa huu na mwenye mbwa hupewa orodha ndefu bila kuelezwa tofauti zake. Tathmini hii inavipitia kwa kuangalia kila kipimo kinajibu swali gani, kinaharibikia wapi, na kinastahili kuja wakati gani. Msimamo wetu tuuseme mapema: hakuna hata kimoja kinachoweza kumtambua mgonjwa peke yake. Vyote hutoa majibu ya uongo kwa mbwa asiye na dalili, na vyote hutoa majibu ya uongo kwa mbwa anayeumwa kitu kingine. Kliniki inayokimbilia kipimo cha homoni kabla ya kuuliza maswali na kumshika mbwa mwili mzima inakuuzia karatasi.

Kipimo cha nyumbani: maji

Hiki tunakipa alama 5 kati ya 5, na hakihitaji maabara. Pima maji kwa chombo chenye alama za mililita, weka kiasi unachokijua asubuhi, kila unapoongeza andika, na baada ya saa 24 pima kilichobaki. Fanya hivyo siku tatu mfululizo. Gawanya kiasi alichokunywa kwa uzito wake. Mbwa wa kawaida hunywa kama mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, na akizidi mililita 100 kwa kilo, hiyo ni kiu ya ugonjwa. Kwa mbwa wa kilo 8 mstari huo ni mililita 800.

Kinachoharibu hesabu hii ni wanyama wawili kunywa bakuli moja, maji ya bustani au ya chooni ambayo hakuna aliyeyahesabu, na mabadiliko ya chakula. Mbwa anayekula chakula kikavu hunywa zaidi ya yule anayekula chakula chenye majimaji, kwa hiyo usibadilishe chakula katika siku hizo. Na kamwe usimnyime maji ili kuona kama kiu itapungua. Mbwa huyu hanywi kwa tamaa. Kotisoli inaizuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, mkojo unatoka mwingi na mwepesi, naye anakunywa ili kufidia. Ukimnyima atakauka.

Ukaguzi wa daktari

Sehemu hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, ilhali ina mengi. Daktari makini humvua mbwa kola, humgeuza chali na kuangalia ngozi ya tumbo. Kwa mgonjwa, ngozi hiyo huwa nyembamba kiasi kwamba mishipa ya damu inaonekana chini yake, na ukiifinya inakunjika kama karatasi laini. Huwa na vidoa vyeusi vya vinyweleo vilivyoziba. Manyoya hupotea pande zote mbili kwa usawa, kiwiliwili kikibaki wazi huku kichwa na miguu vikibaki na manyoya yake. Mahali paliponyolewa kwa ajili ya sindano miezi kadhaa nyuma bado pako wazi. Baada ya kutolewa damu, michubuko hutokea kirahisi.

Kuna alama moja ambayo ikionekana hupunguza ubishi sana: mabaka magumu yenye chokaa ndani ya ngozi, hasa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Ukiyapapasa unahisi chembechembe kama mchanga chini ya kidole. Mara nyingi huwa mekundu pembeni na huchubuka. Si wagonjwa wote wanayo, wengi hawana, ila yakiwapo swali linalobaki ni kama kotisoli inatoka ndani ya mwili au kwenye dawa.

Misuli nayo hupungua. Mbwa aliyekuwa akiruka kitini anasita, miguu ya nyuma inatetemeka, mgongo unaonekana mifupa huku tumbo likiwa limejaa. Tumbo hilo si mafuta matupu: ini limevimba, misuli ya tumbo imelegea, na kibofu mara nyingi kimejaa. Kuhema akiwa amelala penye ubaridi ni dalili nyingine ambayo watu huisahau kuitaja, kwa hiyo itaje.

Sasa upande wa pili. Mbwa mwenye Cushing ya kawaida anakula. Akiwa amekataa chakula, anatapika, anaharisha au ana maumivu, tafuta ugonjwa mwingine kwanza, au tatizo lililozaliwa na Cushing yenyewe, kama uvimbe mkubwa wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, unaokandamiza ubongo. Hali kadhalika, kuwashwa sana si tabia yake. Ngozi ikiwasha kuna viroboto, mzio au maambukizi.

Kuhusu nani yuko hatarini, umri ni wa kati kwenda juu, kwa kawaida kuanzia miaka sita. Poodle, Dachshund, Boxer, Boston Terrier na Yorkshire Terrier huonekana mara nyingi, lakini hakuna mbwa aliyesamehewa, hata asiye na uzao maalumu.

Damu na mkojo wa kawaida

Kifurushi cha msingi kina damu kamili, kemia ya damu na uchunguzi wa mkojo. Alama 4. Hakithibitishi Cushing, lakini bila hicho kila kinachofuata ni kubahatisha, kwa sababu kisukari, figo zinazoshindwa, ugonjwa wa ini na usaha kwenye kizazi kwa jike ambaye hajatolewa kizazi vyote huleta kiu ileile.

Kinachotafutwa kwenye damu ni kimeng'enya cha ALP, kinachotoka hasa kwenye ini, kilichopanda, mara nyingi sana, pamoja na kolesteroli ya juu na ALT, kimeng'enya kingine cha ini, iliyopanda kidogo. Kwenye chembe nyeupe, limfosaiti na eosinofili hupungua huku nyutrofili zikiongezeka. Kwenye mkojo, uzito linganifu, yaani kipimo cha mkojo ulivyokolea, huwa chini ya 1.020, na mara nyingi kuna protini. Maambukizi ya kibofu ni ya kawaida kwa mbwa hawa na huweza yasionyeshe dalili yoyote, kwa sababu kotisoli inatuliza uvimbe na maumivu. Kwa hiyo omba mkojo uoteshwe maabara hata kama mbwa hajikamui. Mkojo wa kuotesha uchukuliwe kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu. Ule uliodakwa njiani huwa na vijidudu vya ngozi.

Kosa tunaloliona kwenye ripoti nyingi ni kuishikilia ALP peke yake. ALP hupanda kwa mbwa wengi wazee wenye vinundu vya ini visivyo na madhara. Hupanda kwa dawa ya kifafa ya fenobabitali, ambayo pia inaleta kiu na njaa. Scottish Terrier huweza kuwa nayo juu bila dalili zozote. Kwa upande mwingine, kuna mbwa wachache wenye Cushing na ALP ya kawaida. ALP ikipanda kwa mbwa asiye na dalili, mfuatilie, usimkimbize kwenye kipimo cha homoni.

Tezi ya thairoidi huingia hapa pia, na huingia vibaya. Kotisoli nyingi huishusha T4, homoni ya thairoidi, hata kama thairoidi ni nzima, na mbwa mwenye Cushing hujikuta akipewa vidonge vya thairoidi kwa miaka. Tofauti ipo kwenye dalili: mbwa ambaye thairoidi yake imezembea hunenepa bila njaa, hutafuta joto, mapigo ya moyo hupungua, na hanywi maji kupita kiasi. T4 iliyo chini bila TSH, homoni ya pituitari inayoisukuma thairoidi, kupimwa pamoja nayo, kwa mbwa mwenye kiu kali, haitoshi kuanzisha matibabu.

Kotisoli ya sampuli moja

Alama 1, na hiyo moja ni kwa sababu ya kazi nyingine. Kotisoli hupanda na kushuka siku nzima, na safari ya gari pamoja na harufu ya kliniki vinatosha kuipandisha. Sampuli moja ya damu haisemi lolote kuhusu Cushing. Hufaa kwenye ugonjwa ulio kinyume chake, Addison, ambapo tezi za adrenali, zilizo karibu na figo na zinazotengeneza kotisoli, zimelala: kotisoli ikiwa juu ya nanomoli 55 kwa lita, Addison huondolewa kwenye orodha kwa kiasi kikubwa. Ukipewa jibu la "kotisoli iko juu, ana Cushing" kwa sampuli moja, omba maelezo zaidi.

Kotisoli na kreatinini kwenye mkojo

Hiki, kinacholinganisha kotisoli na kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo, ni kipimo cha kumwondoa mbwa kwenye orodha ya washukiwa. Jibu likiwa la kawaida, Cushing ina nafasi ndogo sana. Likiwa juu, bado hujui, kwa sababu ugonjwa wowote mzito na hofu yoyote hulipandisha. Kwa kazi hiyo moja tunakipa alama 4.

Uzuri wake wote uko kwenye namna ya kuchukua mkojo, na hapo ndipo kinapoharibiwa. Udake mkojo wa kwanza wa asubuhi, nyumbani, angalau siku mbili baada ya kutoka kliniki. Tumia chombo kisafi kikavu chenye mpini mrefu ili mbwa asishtuke. Maabara nyingine hupendelea mikojo ya asubuhi mbili ichanganywe. Uweke kwenye friji mpaka uupeleke. Mkojo uliochukuliwa kliniki, mbwa akiwa anatetemeka mezani, huongeza majibu ya uongo, na kliniki inayoukubali kwa kipimo hiki haijakielewa.

Deksamethasoni dozi ndogo

Hiki ndicho chaguo letu la kwanza kwa mbwa mwenye dalili ambaye hajawahi kupewa steroidi, dawa zinazofanya kazi kama kotisoli. Alama 4 na nusu. Wazo lake ni rahisi: kwa mbwa mzima, deksamethasoni kidogo, ambayo ni steroidi, huifanya pituitari iache kutuma ACTH, homoni inayoziamuru adrenali zitoe kotisoli, na kotisoli hushuka na kubaki chini kwa zaidi ya saa 8. Kwa mgonjwa haishuki, au inashuka kisha inapanda tena mapema.

Utaratibu: damu ya kwanza, kisha deksamethasoni miligramu 0.01 kwa kilo ndani ya mshipa, kisha damu baada ya saa 4 na baada ya saa 8. Mbwa hukaa kliniki siku nzima, na hiyo ndiyo gharama yake kubwa kwa mnyama mwoga. Muulize daktari kama mbwa anaweza kukaa chumba tulivu mbali na wanaobweka. Siku hiyo hapimwi kitu kingine cha kumsumbua: ultrasaundi, eksirei na kusafisha meno visubiri.

Dozi ndiyo sehemu inayohitaji mkono makini. Mbwa wa kilo 8 anahitaji miligramu 0.08. Kutoka chupa ya miligramu 2 kwa mililita hiyo ni mililita 0.04, kiasi ambacho bomba la sindano la kawaida haliwezi kupima kwa uhakika; kinachobaki kwenye shingo ya sindano peke yake kinaweza kuwa kingi kuliko dozi. Fundi huichanganya mara kumi kwa maji ya chumvi, akapata miligramu 0.2 kwa mililita, kisha akatoa mililita 0.4. Pia lazima asome lebo: chupa ya deksamethasoni sodiamu fosfeti ya miligramu 4 kwa mililita ina kama miligramu 3 tu za deksamethasoni yenyewe. Na sindano ikitoka nje ya mshipa, kipimo kimeharibika. Kirudiwe siku nyingine.

Kusoma majibu huanzia saa ya 8. Maabara nyingi huweka mstari karibu na nanomoli 40 kwa lita, sawa na mikrogramu 1.4 kwa desilita, lakini kila mashine ina mstari wake na ndio unaofuatwa. Chukua mfano wa maabara yenye mstari wa 40. Mbwa mwenye 110, kisha 20, kisha 18 amejibu kama mzima. Mwenye 150, kisha 30, kisha 95 ameshuka na kuponyoka: jibu linaunga mkono Cushing, na kule kushuka kwa saa ya 4 kunaelekeza kwenye pituitari. Mwenye 140, kisha 120, kisha 130 hajashuka popote: Cushing inaungwa mkono, lakini chanzo hakijulikani, inaweza kuwa pituitari sugu au uvimbe wa adrenali. Ndiyo maana ile damu ya saa 4 isiachwe hata kama kliniki inataka kupunguza gharama.

Udhaifu wake ni kwamba hukosea kwa mbwa mgonjwa. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kongosho lililovimba au maambukizi makali anaweza kushindwa kipimo hiki bila kuwa na Cushing. Tibu hicho kwanza, acha wiki kadhaa zipite, ndipo upime.

ACTH

Hapa mbwa hupewa ACTH ya kutengenezwa, mikrogramu 5 kwa kilo ndani ya mshipa, na damu huchukuliwa kabla na baada ya saa 1. Kotisoli ikipanda kupita kiasi, tezi za adrenali zimezoea kufanya kazi kubwa. Ni kipimo kifupi, hakimchoshi mbwa, na hakiyumbi sana kama kile cha deksamethasoni mbwa akiwa na ugonjwa mwingine. Kasoro yake ni kuwaacha wagonjwa wengi wapite, hasa wenye uvimbe wa adrenali, ambao karibu nusu yao wanaweza kupata jibu la kawaida. Kama kipimo cha kwanza tunakipa 3.

Kuna mahali ambapo hakina mpinzani. Mbwa aliyepewa prednisoloni kwa muda mrefu, au matone ya sikio yenye betamethasoni au deksamethasoni, au krimu ya ngozi, anaweza kuwa na kila dalili ya Cushing huku tezi zake zikiwa zimesinyaa. Kipimo cha ACTH kwake huonyesha kotisoli iliyo chini kabla na baada. Hapo tiba ni kuipunguza dawa polepole chini ya uangalizi. Kuikata ghafla ni hatari. Kwa hiyo kabla ya kipimo chochote mpe daktari orodha kamili: vidonge, matone ya macho na masikio, dawa za kupulizia, hata krimu ya steroidi ambayo mtu wa nyumbani anajipaka na mbwa anamlamba mkono. Prednisoloni yenyewe husomwa na mashine nyingi kana kwamba ni kotisoli, na jibu linakuwa halina maana.

Ultrasaundi na kutafuta chanzo

Kesi nyingi, asilimia 80 hadi 85, zinatoka kwenye uvimbe mdogo wa pituitari. Zilizobaki karibu zote ni uvimbe wa adrenali, na takriban nusu ya hizo ni saratani. Ultrasaundi hutenganisha makundi haya: tezi zote mbili zikiwa nene kwa kulingana, ni pituitari, moja ikiwa kubwa na ya pili imesinyaa, ni uvimbe wa adrenali. Mpimaji anapaswa kukuandikia unene wa kila tezi kwa milimita. Kikomo cha zamani cha milimita 7.5 kwa mbwa wote hakitoshi. Kwa mbwa wadogo milimita 6 tayari ni nene. Ripoti inayosema tu "adrenali zimevimba" irudishwe. Kukiwa na uvimbe, ripoti iseme pia kama umeingia kwenye mshipa mkuu wa damu ulio jirani, kwa sababu hilo huamua upasuaji.

Alama 4 ikitumika baada ya kipimo cha homoni. Ikitumika badala yake, 2, kwani tezi hunenepa pia kwa ugonjwa wa muda mrefu na huweza kuonekana za kawaida kwa mgonjwa halisi.

ACTH ya mwili wenyewe nayo hutofautisha chanzo vizuri: huwa chini sana kwa uvimbe wa adrenali, ya kawaida au juu kwa pituitari. Lakini huharibika haraka na hung'ang'ania kioo. Damu iwekwe kwenye kichupa cha plastiki chenye EDTA, kemikali inayozuia damu kuganda, ipozwe, izungushwe mara moja, plazima igandishwe na isafiri ikiwa bado imeganda. Ikiyeyuka njiani, namba itakuwa ya chini kwa uongo, na mbwa wa pituitari ataonekana ana uvimbe wa adrenali. Kama kliniki haina mashine ya kuzungushia damu yenye ubaridi, usilipie.

Kuichagua maabara

Maabara nzuri huchapisha vikomo vyake pembeni ya kila jibu, huandika kizio cha kila namba, na ina mtaalamu anayeweza kuzungumza na daktari wako. Vizio viwili vinatumika duniani, na kuvichanganya ni kosa la kweli: mikrogramu kwa desilita ukizidisha kwa 27.6 unapata nanomoli kwa lita. Mashine ndogo za kliniki hutoa jibu siku ileile, na zinafaa, mradi ufuatiliaji wa baadaye ufanyike kwenye mashine hiyohiyo. Sampuli yenye mafuta mengi au chembe zilizopasuka irudiwe.

Kipimo kikija kizuri lakini dalili zikabaki, tumia kipimo cha pili cha aina nyingine, au subiri miezi mitatu hadi sita na upime tena. Ugonjwa huu huenda polepole na kusubiri huko kwa kawaida hakumdhuru mbwa. Kinachomdhuru ni kuanzishiwa trilostani "tuone kama itasaidia". Dawa hiyo huzuia kotisoli kutengenezwa, na kwa mbwa ambaye hakuwa nayo nyingi inaweza kumwangusha kwa kutapika, kuishiwa nguvu na mzunguko wa damu kuporomoka. Ukisikia pendekezo hilo kabla ya kipimo chochote cha homoni, tafuta maoni ya daktari wa pili.